Seli za Hariata

Nilikuwa nimesimama kwenye kizimba changu nikifungua chaza, kisu mkononi, aproni imelowa, redio inapiga kelele juu ya kabati kama kila siku ya msimu, niliposikia mtu anamzungumzia mama yangu.

Hakumtaja kwa jina. Alisema "mwanamke mmoja wa Bluff, mfunguaji wa chaza, aliyefariki kwa uvimbe wa ubongo." Alisema kwa ile sauti laini ya watu waliozoea kualikwa redioni. Kisha akasema seli za mwanamke huyo bado zinaishi kwenye maabara yake kule Dunedin, zinagawanyika na kuongezeka, na zimemwonyesha jambo la ajabu. Seli huwasiliana. Moja hunyoosha mrija mwembamba wa utando mpaka kwa mwenzake, na ndani ya mrija huo hupelekeana habari.

"Kwa hiyo mpaka leo ziko hai?" mtangazaji akauliza.

"Ziko hai, na zina nguvu ajabu," yule bwana akajibu, akacheka kidogo.

Banda zima likanyamaza. Kule kwetu watu hufungua chaza huku wanapiga soga, visu vinagonga magamba, huyu anaimba, yule anamsengenya mume wake. Sasa ilisikika redio tu na maji yanayochuruzika. Bluff ni mji mdogo. Wafunguaji wa chaza waliokufa kwa uvimbe wa ubongo hawakuwa wawili. Na kizimba nilichosimama mimi ndicho alichosimama yeye, maisha yake yote, mpaka siku mkono wake wa kulia ulipokataa kushika kisu.

Noeline, msimamizi wetu, akanyoosha mkono akazima redio.

"Piri," akaniambia, "vua aproni uende nyumbani, mpenzi."

"Siendi nyumbani," nikasema. "Naenda kwa Teone."

Teone ni kaka yangu. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha aluminiamu ng'ambo ya maji, na wiki ile alikuwa zamu ya usiku, kwa hiyo nilimkuta jikoni anakunywa chai akiwa na nguo za kulalia. Ni mtu mpole. Watu husema mama alituzaa wawili, hasira zote akanipa mimi, subira yote akampa yeye. Nikamweleza nilichosikia. Nilitarajia ashtuke. Hakushtuka. Alitazama kikombe chake.

"Ulikuwa unajua," nikamwambia.

"Piri, kaa kwanza."

"Sikai. Ulikuwa unajua?"

"Mama alikubali mwenyewe. Kabla ya kupasuliwa. Yule profesa alikuja kitandani akamwomba kipande cha uvimbe, wakikitoa, akifanyie utafiti. Mama akasema sawa."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa kwenye maegesho unagombana na yule mlinzi."

Ni kweli, niligombana na mlinzi. Lakini baada ya hapo nilikaa na mama miezi yote ya ugonjwa wake, nikimlisha, nikimwogesha, na hakuna aliyefungua mdomo.

"Mbona hamkuniambia?"

"Mama alikataa. Alisema ukijua utaichoma hospitali." Akajaribu kutabasamu, akaona uso wangu, akaacha. "Aliweka sharti, Piri. Alimshika yule bwana mkono akamwambia, mkimaliza kazi yenu mnirudishe nyumbani, chote, nizikwe mzima. Naye akamwahidi. Akasema, 'Kila tone, Hariata.' Nilikuwepo. Mama mdogo Wiki alikuwepo."

"Kwa hiyo zilirudishwa lini?"

Kaka yangu akainuka akamwaga chai yake kwenye sinki.

"Teone. Tulimzika mama miaka minne iliyopita. Zilirudishwa lini?"

"Nilidhani walizishughulikia wao," akasema polepole. "Nilidhani wangenipigia simu."

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, mkono ulinyanyuka. Kwetu sisi Wamaori wa kusini mwili wa mtu hauachwi vipandevipande huku na kule. Kondo la mtoto linafukiwa ardhini. Jino la bibi linajulikana lilipo. Na mama yangu alikuwa Dunedin kwenye sahani ya kioo, watu wanacheka naye redioni.

"Vaa suruali," nikamwambia. "Tunaondoka sasa hivi."

Tulimpitia mama mdogo Wiki, mdogo wa mama, maana asingetusamehe kama tungemwacha. Aliingia kwenye gari na koti lake jeusi la misibani. Nikamwambia hatuendi msibani, tunaenda kugombana.

"Mimi naweza yote mawili," akasema, akafunga mkanda.

Njia nzima, tangu Invercargill mpaka Gore mpaka Balclutha, hakuna aliyewasha redio. Mashamba yalikuwa meupe kwa sakitu, ule umande ulioganda. Mimi niliendesha. Kila nikikumbuka kile kicheko mguu ulikanyaga mafuta wenyewe, na Teone akawa anasema, "Polepole, Piri, polepole," mpaka nikamwambia akilisema neno hilo tena namshusha nimwache na kondoo.

Maabara ilikuwa ndani ya jengo jipya la vioo, wameliita Taasisi ya Kilmorie. Msichana wa mapokezi akauliza kama tuna miadi na Profesa Murchie.

"Mwambie mtoto wa Hariata yuko hapa," nikasema. "Yule mwanamke wa Bluff."

Alishuka mwenyewe, upesi kuliko nilivyofikiri. Mzee mrefu, nywele nyeupe, sweta zuri la sufu. Akatushika mikono, akasema amefurahi mno, akasema mama yetu amefanya makubwa baada ya kufa kwake kuliko wengi wanavyofanya wakiwa hai. Akatupandisha juu kama wageni wa heshima. Nadhani kweli alidhani tumekuja kumshukuru.

Huko juu akatukutanisha na daktari kijana, jina lake Lavinia Taufa, Mtonga wa vile visiwa vya Tonga, mkazi wa Auckland, ndiye aliyekuwa akizilea zile seli. Alikuwa na koti jeupe na macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Alipoambiwa sisi ni nani, akaweka mkono kifuani.

"Sikujua kama ana watoto," akasema. "Sisi tuna namba tu. Pole sana. Karibuni, niwaonyeshe."

Hakutupeleka kwenye hadubini yenyewe, alituonyesha filamu kwenye skrini. Mwanzoni niliona weusi tu, na mabonge ya kijani, na mekundu machache, kama taa za meli kwenye ukungu. Kisha akakuza picha, na tukaiona mirija. Kati ya bonge na bonge kulikuwa na uzi, umenyooka, mwembamba kiasi kwamba ukipepesa macho unaupoteza. Haukugusa chini. Ulining'inia kati ya seli mbili kama kamba ya kuanikia nguo.

"Ule ni utando wa seli yenyewe," Lavinia akaeleza. "Seli hujivuta, hujinyoosha, mpaka inamfikia jirani. Ndani yake kuna njia. Sasa tazameni hapa. Hii seli ya pembeni naiwekea dawa, hii moja peke yake. Dawa ileile aliyopewa mama yenu."

Bonge la pembeni likawaka ghafla. Mwako ukaingia kwenye uzi, ukakimbia, ukafika kwa jirani. Jirani akawaka. Akawasha wa tatu.

"Hiyo ni ishara. Iliyopigwa na dawa inawaambia wenzake, na wenzake wanajiandaa. Dawa ikiwafikia inawakuta tayari. Na si ishara tu. Hizi nyekundu ni seli nzima, zisizo na ugonjwa, zilitoka palepale pembeni mwa uvimbe. Ile ya kijani inaichomekea mrija ile nyekundu na kuinyonya nguvu, vile vijiwashio vidogo ambavyo kila seli inavyo ndani kwa ajili ya kuunguza chakula chake. Ndiyo maana uvimbe wa mama yenu ulikuwa unarudi."

Mama mdogo Wiki alikuwa ameshika kidevu. "Kwa hiyo zile nyekundu ni dada yangu," akasema, "na zile kijani ni ugonjwa wake."

"Zote ni za kwake," Lavinia akasema taratibu. "Hata kijani zilianza zikiwa nzima."

Nilisimama pale nikatazama ule mwako ukikimbia na kukimbia, maana filamu ilikuwa inajirudia. Miezi yote ile ya dawa, mama anatapika kwenye beseni nililolishika mimi, nywele zinabaki kwenye mto wa kitanda, na ndani ya kichwa chake vitu hivi vinapeana habari. Nilivichukia kuliko nilivyowahi kuchukia mtu.

Hapo ndipo profesa akaona aseme jambo zuri.

"Mimi hupenda kuziangalia hizi nyekundu," akasema. "Zinatoa tu, zinatoa mpaka mwisho. Kama mama anavyowalisha wanawe, sivyo?"

"Usinifundishe mama yangu," nikamwambia.

"Samahani?"

"Mama yangu hakunyonywa na mtu. Alikuwa akikupa kitu, anakuambia lini utakirudisha. Wewe alikuambia lini?"

Alinitazama, kisha akamtazama Teone, na nikaona amemkumbuka. Nikaona kabisa. Rangi ikamtoka kidogo.

"Tumekuja kumchukua," nikasema. "Chote. Kila tone."

Lavinia aligeuka kwenye kiti chake. "Kumchukua vipi?"

"Muulize bosi wako alimwahidi nini mgonjwa wake."

Profesa akavuta kiti, akakaa, akaanza kuongea kama mtu anayembembeleza ng'ombe mkali. Anaelewa uchungu wetu. Anaheshimu sana mila zetu. Ila tukumbuke maneno kamili ya marehemu. Alisema mkimaliza. "Na sisi hatujamaliza," akasema. "Kazi ya namna hii haina siku ya kumalizika. Kwa hiyo ukitazama vizuri, hakuna ahadi iliyovunjwa."

"Ahadi gani?" Lavinia akauliza.

"Si kitu rasmi."

"Profesa, ahadi gani?"

Teone akamjibu yeye. Akasimulia yote, kitanda, mkono, maneno. Lavinia alisikiliza huku uso unambadilika. Teone alipomaliza, Lavinia akasema, kama mtu anayeongea na nafsi yake, "Lakini tumezigawa. Ziko Ujerumani. Ziko Japani. Mimi mwenyewe ndiye niliyezifungasha."

Sijui kama naweza kueleza nilichosikia masikioni. Kilikuwa kama king'ora cha meli. Mama yangu, ambaye hakuwahi kuvuka hata kwenda Australia kumwona binti wa Wiki akiolewa, kwa kuogopa ndege, alikuwa Japani.

"Ulimdanganya," nikamwambia profesa. "Alikuwa anakufa, ukamshika mkono, ukamdanganya."

Na yeye, sijui kwa kuchoka au kwa kiburi, akasema lile neno. "Dada yangu, yalikuwa maneno ya kumtuliza mgonjwa. Daktari yeyote angesema vile."

Mimi ndiye nilikuwa na hasira. Mimi ndiye kila mtu alikuwa ananiangalia nitafanya nini, mpaka mlinzi aliyeitwa na yule msichana wa mapokezi alikuwa amesimama nyuma yangu. Kumbe walipaswa kumwangalia kaka yangu. Teone alisimama polepole. Hakupaza sauti.

"Ziko wapi?" akamuuliza Lavinia.

Lavinia akaonyesha kwa kidole mlango wa chuma mwisho wa korido. Chumba cha mapipa ya baridi ya kugandishia seli. Teone akatembea mpaka pale, akavua viatu akaviweka pembeni, akakaa chini, mgongo umeegemea mlango, miguu ameinyoosha kukata njia.

"Bwana, huwezi kukaa hapo," mlinzi akasema.

"Nimeshakaa," Teone akajibu.

"Watu wanahitaji kuingia."

"Mimi namhitaji mama yangu." Akamtazama profesa. "Ulisema mbele yangu. Mimi ndiye niliyemwambia mama, tulia, nimemsikia, atatimiza. Alikufa akiamini kwa sababu yangu. Umenifanya mimi nimdanganye mama yangu." Hapo sauti ikamkatika, na machozi yakamtoka, mtu mzima wa kiwandani, shingo kama gogo, analia bila hata kuficha uso. Sikuwahi kumwona analia, hata kaburini.

Nikaenda nikakaa kando yake. Mama mdogo Wiki akakunja koti lake, akalitandika, akakaa upande wa pili. Akatoa simu akaanza kuwapigia ndugu.

Wapo ndugu zetu wengi Dunedin. Kabla ofisi hazijafungwa korido ile ilikuwa imejaa. Alikuja binamu yetu Aperahama na fulana ya mpira ya timu yake, walikuja wanafunzi, walikuja wamama wawili waliomjua mama tangu shuleni. Noeline na wenzangu wa bandani wakaendesha kutoka Bluff bado wananuka chaza. Watafiti wenye makoti meupe walipita ukutani kama paka. Mlinzi akapiga simu polisi, polisi wawili wakaja, mmoja wao akamwona mama mdogo Wiki akavua kofia.

"Shangazi," akasema, "mna shida gani?"

"Tumekuja kumchukua maiti wetu, mwanangu."

Yule polisi akamtazama profesa, akamwambia mwenzake, "Hili si letu," wakaenda kusimama karibu na lifti.

Katikati ya zogo lile Lavinia akanifuata. Akaniomba tusogee dirishani. Nilidhani anakuja kuomba radhi. La. Alikuja kugomba.

"Unajua unachukua nini?" akaniambia. "Ujana wangu wote uko kwenye yale mapipa. Nimeacha kila kitu kwa ajili ya zile seli. Wengine waliniambia mirija ile ni uchafu kwenye kioo, nikawaonyesha. Na sasa nina dawa. Haiui seli, inazuia mirija isinyooke, inavunja ule uti wa ndani unaoishikilia. Bila mrija hakuna ishara. Sahani ya jaribio la mwisho iko ndani, imo kwenye kabati la joto, nilikuwa niianze kesho. Mama wa mtu mwingine anaweza kupona."

"Usiniletee mama wa mtu mwingine."

"Nitakuletea! Kwa sababu yupo!"

"Basi kamuulize yeye! Nenda ukamuulize akiwa hai, mwambie ukweli, na ukimwahidi, timiza! Kwani ni kazi ngumu? Ninyi mnaona nyuzi ambazo macho hayaoni, halafu mnashindwa kupiga simu Bluff?"

"Mimi sikujua," akasema.

"Hukuuliza. Ulipewa namba ukatosheka na namba."

"Na wewe ulijua?" akanirudishia. "Miaka minne. Wewe uliwahi kuuliza kipande kile kilienda wapi?"

Nilimsogelea mpaka tukakaribiana pua kwa pua. Yeye hakurudi nyuma. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kumheshimu, ingawa wakati ule nilichotaka ni kumsukuma dirishani.

Nikamuuliza swali nililotoka nalo kwenye ile filamu. "Kama dawa yako ingekuwepo, mama angepona?"

Profesa angesema ndiyo. Ningeweka kisu changu rehani kwamba profesa angesema ndiyo, na macho yake mazuri yangejaa machozi.

"Sijui," Lavinia akasema. "Kwenye sahani, labda. Kwenye kichwa cha mtu, sijui. Sitakudanganya."

Nje kulikuwa kunaingia giza la saa kumi na moja, la majira ya baridi.

"Hiyo sahani ya mwisho," nikasema. "Ukiianza kesho inachukua muda gani?"

"Siku chache."

"Ianze. Mama alisema mkimaliza. Malizia hiyo moja, kisha uilete mwenyewe Bluff. Kwa mkono wako, si kwa posta. Nyingine zote tunaondoka nazo."

Lavinia akaitikia kwa kichwa. Kisha akatembea moja kwa moja katikati ya ndugu zangu, akasimama mbele ya Murchie, akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Ama unafungua pipa, Profesa, ama nafungua mimi. Na kesho nawaandikia Ujerumani na Japani, nitaeleza na sababu."

"Ukifanya hivyo," Murchie akasema, "huna kazi hapa."

"Nilishaelewa hivyo tangu nilipomsikia huyu kaka."

Mkurugenzi wa taasisi ndiye aliyetoa amri mwishowe, mama mmoja mfupi aliyeitwa kutoka kwenye mkutano, akaona korido, akaona polisi wameegemea lifti, akamwambia Murchie neno moja ambalo sikulisikia. Mlango ukafunguliwa. Lavinia akavaa glavu nene, akatoa vichupa vidogo vyenye moshi wa baridi, akavipanga kwenye sanduku. Mama mdogo Wiki akaanza kuita, ule wito ambao wanawake wetu humwitia marehemu anapoingizwa kwenye uwanja wa ukoo kuagwa, na watu wote wakasimama, hata wale wa makoti meupe. Teone akalibeba lile sanduku mapajani mpaka Bluff. Halikuwa zito. Alilikumbatia kama zito.

Hatukuvizika mara moja. Tulimsubiri Lavinia, na hilo nalo lilileta ugomvi, maana Teone, aliyeketi mlangoni kwa ajili ya vitu hivyo, akaanza kusita.

"Zile kijani, Piri," akaniambia. "Ndizo zilizomuua. Unataka tumfukie muuaji wake pembeni yake?"

Nilikuwa nimeliwaza hilohilo nikiwa nimelala macho wazi. Mama mdogo Wiki ndiye aliyejibu, akiwa anasafisha meza.

"Aliomba azikwe mzima. Hakusema mnichambue. Acheni kumchambua dada yangu."

Basi.

Lavinia alikuja na basi la Invercargill, Aperahama, aliyekuwa ameshuka kwa maziko, akampokea. Alikuwa na kibegi amekishika kwa mikono miwili, hakukubali kupokewa. Tukapanda makaburini, upande unaotazama mlango-bahari, upepo ule wa kwetu unaotaka kukuvua koti. Teone alikuwa amechimba mwenyewe, shimo dogo, kando ya mama. Murchie alikuwa ametuma shada la maua makubwa na kadi. Kadi sikuisoma. Maua niliyatupa nje ya ukuta, na mama mdogo Wiki, ambaye angenigombeza kwa jambo kama lile, alitazama pembeni.

Tukaweka sanduku. Lavinia akapiga magoti, akaweka sahani yake juu, akasali kwa Kitonga. Tukafukia.

Wajerumani walikuwa wameshajibu, wanarudisha. Japani walikuwa bado kimya, na wako kimya mpaka leo ninaposimulia haya. Kila wiki nawaandikia. Naandika kwa lugha mbaya sana siku hizi, Noeline ananisaidia kuondoa matusi. Murchie bado ni profesa. Lavinia ndiye aliyefukuzwa. Amepata nafasi Wellington, anaanza upya, na safari hii, anasema, anakwenda mwenyewe kitandani kwa mgonjwa, anamwambia jina lake na anauliza jina la wanawe. Sijui kama nimwamini. Namwamini kidogo.

Lakini siku ile, watu walipoanza kushuka kilimani, nilimshika mkono nikamrudisha nyuma.

"Niambie," nikasema. "Sahani. Ilikuwaje?"

Alikuwa na mchanga magotini. "Mirija ilikatika," akasema. "Yote. Niliweka dawa yangu, nyuzi zikajikunja kama nywele kwenye moto. Ishara haikupita. Kisha nikaweka dawa ya hospitali."

"Zile kijani?"

"Zilikufa, Piri. Zilikufa zote. Sikubakiza hata moja."

"Na nyekundu?"

"Nyingi zilibaki. Sikuzigusa tena. Ndizo nilizokuleteeni."

Upepo ulikuwa unavuma kiasi kwamba ilibidi aseme kwa kupaza sauti. Nilitaka anirudie yale maneno, ya zile kijani. Nikamwambia arudie. Akarudia, akiwa ananitazama usoni, polepole, neno kwa neno, jinsi kila moja ilivyojaribu kunyoosha mrija na mrija ukakatika, jinsi kila moja ilivyokufa peke yake bila kumwambia mwenzake.

"Vizuri," nikasema.

Nikafunga vifungo vya koti langu, tukashuka.